Mkono Uliopita Chuoni Kwanza

Wataalamu wa ubongo wana swali wanalolizungusha kwa zaidi ya miaka 150: je, mkono anaoutegemea mtu unaonyesha jinsi pande mbili za ubongo wake zilivyogawana kazi, na je, mgawanyo huo una uhusiano na maradhi ya akili? Mwanzo wake ni Paris mwaka 1861, Paul Broca alipouchunguza ubongo wa mgonjwa aliyekufa baada ya miaka mingi ya kushindwa kusema, akakuta umeharibika upande wa kushoto. Tangu hapo imethibitika kwamba lugha huongozwa na upande wa kushoto kwa watu wapatao 95 katika kila 100 wanaotumia mkono wa kulia, na wapatao 70 katika kila 100 wenye mashoto. Baadaye swali likasogezwa hadi kwa wagonjwa wa bipola, maradhi yanayompandisha mtu hadi akakesha siku kadhaa akipanga mambo makubwa na kusema bila kituo, kisha yakamshusha kwenye sonona akashindwa hata kunyanyuka kitandani. Je, kati yao wenye mashoto ni wengi kuliko kawaida? Je, akili zao hufanya kazi polepole hata wanapokuwa wametulia? Ni maswali halali. Ninachodai hapa ni kwamba katika pwani ya Tanga daktari hawezi kuyajibu peke yake, kwa sababu mkono wa mtu wa pwani haumfikii kama ulivyozaliwa. Umepita kwenye sinia, ukapita chuoni, ukapita shuleni, na kila ulikopita ulirekebishwa. Asiyeijua historia hiyo atahesabu adabu akidhani anahesabu ubongo.

Tuanze na adabu yenyewe. Kuanzia Moa hadi Bagamoyo mtoto alifundishwa, kabla hajasema sawasawa, kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kutoa, wa kupokea na wa kusalimia, na wa kushoto ni wa kuchambia. Sinia moja huliwa na watu wanne au watano. Mkono wa kushoto ukiingia humo, aibu haimwangukii mwenyewe tu, kwani wenzake wote wameharibiwa chakula. Mguu wa kulia hutangulia kuingia msikitini, wa kushoto hutangulia chooni. Chuoni, yaani kwenye chuo cha Kurani, somo hili lilipata kalamu. Mwanafunzi alikaa mkekani na ubao mapajani, akashika mwanzi uliochongwa ncha kwa mshazari na kuchovywa katika wino wa masizi na gundi, na kilichoandikwa kilikuwa maneno ya Mungu, jambo lisiloachiwa mkono wa kuchambia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ameyaeleza maisha ya chuo katika maandishi ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mkono uliohitimu hapo uliandika barua, hati za mashamba na tenzi. Ndio ulioandika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya mwaka 1307 Hijria, na miswada mingine mingi ambayo J.W.T. Allen aliikusanya na ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mtu alipopandwa na wazimu, mkono huo huo ulimwandikia kombe: aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mkono wa kulia na ugonjwa wa akili vilikuwa vimekutana Tanga kabla ya daktari yeyote wa Ulaya kuvikutanisha.

Mtu anaweza kupinga kwamba hayo yote yalikuwa suala la wepesi tu: mwalimu aliufunza mkono wa kulia kwa kuwa ndio unaoandika vizuri. Hoja hiyo inaangushwa na khati yenyewe. Kiarabu huanzia kulia kikaelekea kushoto. Anayekiandika kwa mkono wa kulia, kiganja chake kiko upande wa yale aliyokwisha kuyaandika, na asipokishusha chini ya mstari atafuta wino mbichi. Mwenye mashoto ndiye aliyependelewa, kwa sababu kiganja chake hutangulia kwenye ubao mtupu na kalamu ikakifuata nyuma. Mshazari wa ncha nao haukuwa kizuizi, kwani kisu kinachochonga mwanzi kwa mshazari wa huku kinaweza kuuchonga kwa mshazari wa kule. Kama wepesi ndio ungekuwa sababu, chuo kingekuwa mahali pa kwanza pa kumwacha mwenye mashoto aandike apendavyo. Hakikumwacha, na hapo ndipo tunapoona kwamba kilicholindwa kilikuwa heshima, si mwandiko.

Mwingine atasema kwamba basi huo ni Uislamu, na historia yake inaanza na kuishia msikitini. Hilo nalo ni nusu ya ukweli. Mfaransa Robert Hertz alionyesha mwaka 1909 kwamba mataifa yaliyo mbalimbali kabisa kwa dini yameupa mkono wa kulia ukubwa. Kwa upande wetu, T.O. Beidelman aliandika mwaka 1961 juu ya Wakaguru, ambao nchi yao iko bara ya pwani hii: kwao mkono wa kulia ni wa kiume, safi na wenye nguvu, na wa kushoto ni wa kike na usio safi, na hata upande wa baba na upande wa mama katika ukoo hupangwa kwa mikono hiyo miwili. Peter Rigby akaeleza mpangilio wa namna hiyo kwa Wagogo mwaka 1966. Hao hawakuyapata hayo chuoni. Uislamu wa pwani uliipa adabu hiyo maandiko ya kuitegemeza na mwalimu wa kuisimamia kila siku, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa chini katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na msahafu. Kwa mpimaji wa leo hili lina uzito, maana hawezi kuiondoa athari ya desturi kwa kuwatenga Waislamu na kuwahesabu wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, wakaiweka mbali na mafundisho ya Kikristo ili wazazi wa Kiislamu waikubali. Walihitaji makarani, wakalimani na walimu. Kiswahili kikaandikwa kwa herufi za Kilatini, na mstari ukageuka: ukaanzia kushoto ukaelekea kulia. Sasa mwenye mashoto akapata hasara ya kweli. Kiganja chake kilipita juu ya wino ambao haujakauka, na kalamu ya chuma ya kuchovya, iliyotengenezwa ili ivutwe, yeye aliisukuma. Ncha ikakwama kwenye karatasi na kurusha matone. Shule hiyo ilikuwa pia na mtambo wa kuchapa, ambako gazeti la Kiongozi lilitolewa kuanzia mwaka 1904. Mpangaji wa herufi hushika chuma cha kupangia kwa mkono wa kushoto na kuokota herufi moja moja kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ufundi huo nao ulimtaka mtu wa kulia. Khati ilibadilika, mwelekeo ukabadilika, chombo kikabadilika, mwalimu akabadilika, hata sababu ya kuandika ikabadilika kutoka ibada hadi mshahara, lakini mkono haukubadilika. Mwandiko mzuri ulikuwa kazi ya ukarani, na mzazi ambaye jana alimkanya mwanawe kwa ajili ya adabu, leo alimkanya kwa ajili ya riziki pia.

Ukali huo haukuwa wa Tanga peke yake. Ulaya na Marekani, katika watu waliozaliwa karibu na mwaka 1900, walioandika kwa mkono wa kushoto walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Vizazi vya baadaye, walimu walipolegeza, wakafika 11 au zaidi. Taiwan, ambako shule zilikaza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1976 ulikuta wanaoandika kwa mkono wa kushoto hawafiki hata 1 katika 100. Hakuna ubongo wa taifa zima unaogeuka ndani ya vizazi vitatu. Kinachogeuka ni uvumilivu wa mwalimu, na hesabu ya wanaoandika kwa mashoto hupima uvumilivu huo kwanza. Aliyesahau jambo hili ameshawahi kuaibika hadharani. Mwaka 1991 Stanley Coren na Diane Halpern walitangaza kwamba katika vifo vya kusini mwa California watu wa mkono wa kulia walikufa kwa wastani wakiwa na miaka 75 na wenye mashoto wakiwa na 66, na magazeti yakaandika kwamba mashoto hufupisha umri. Wakosoaji wakaonyesha palipokosewa: wazee wenye mashoto walikuwa wachache kwa kuwa utotoni walilazimishwa kuhamia kulia, hivyo waliohesabiwa kuwa na mashoto walikuwa hasa vijana, na kijana akifa hufa kijana. Historia ya shule ilikuwa imevaa nguo za ugonjwa.

Sasa tuulete ugonjwa wenyewe. Katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mnamo 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lile; ingali hospitali ya akili hadi leo. Miaka hiyo hiyo, huko Heidelberg, Emil Kraepelin alikuwa ameyaunganisha maradhi ya kupanda na ya kushuka kuwa ugonjwa mmoja, katika toleo la kitabu chake la mwaka 1899. Alieleza mawazo yanayokimbizana mgonjwa anapopanda na mawazo yanayokwama anaposhuka, na katika maabara yake kifaa maalumu kilipima mgandamizo na mwendo wa kalamu mkononi mwa mgonjwa. Tangu siku ya kwanza, basi, kasi ya akili ilisomwa kupitia mkono unaoandika. Zaidi ya hayo, nyumba za wazimu za kikoloni zilipokea hasa waliovunja amani: aliyezurura uchi, aliyepiga watu, aliyetukana wakubwa. Mwenye kupanda alionekana na kushikwa, mwenye kushuka alibaki ndani kwao akilishwa na dada zake. Ugonjwa wenye nyuso mbili ukaandikwa vitabuni kwa uso mmoja.

Upungufu huo wa daftari uligeuzwa kuwa nadharia ya ubongo. J.C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari huko Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alihesabu waliolazwa, akaona wenye sonona ni wachache, akahitimisha kwamba Mwafrika haugui sonona sana. Mwaka 1951 aliufananisha utendaji wa ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Jibu lilitoka vijijini. John Orley na John Wing, katika uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda uliochapishwa mwaka 1979, walikuta sonona nyingi kuliko ile ya mtaa wa London waliolinganisha nao. Wagonjwa walikuwapo, ila hawakuwa wamepelekwa hospitali. Ninamtaja Carothers kwa sababu kosa lake lina umbo lile lile la kosa ninaloonya juu yake: alichukua matokeo ya desturi na ya polisi, akayasoma kama sura ya ubongo.

Vipimo vya leo ni waangalifu zaidi, lakini vingali vinapita mkononi. Matokeo kuhusu mashoto na maradhi ya akili yanapishana. Uchunguzi wa Yale wa mwaka 2013 katika kliniki moja ulikuta wenye mashoto 11 katika kila 100 kati ya wenye maradhi ya hisia, yaani sonona na bipola, idadi isiyotofautiana na watu wa kawaida, na 40 katika kila 100 kati ya wenye skizofrenia na maradhi ya jamii yake. Kuhusu kasi ya kufikiri ushahidi ni imara zaidi: wagonjwa wa bipola, hata wakiwa wametulia, kwa wastani huwa polepole kiasi. Ila angalia upimaji wenyewe. Katika jaribio moja mgonjwa huunganisha namba zilizotawanyika karatasini kwa mstari wa penseli huku saa ikienda. Katika lingine hujaza alama chini ya tarakimu, safu baada ya safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sekunde 90. Mtu wa Pangani aliyejifunza kuandika kwa mkono usio wake, kwa khati inayokwenda upande mwingine, anaweza kuchelewa kwa penseli wakati wazo limeshafika. Na ikiwa anatumia lithiamu, dawa ambayo tangu mwaka 1949 imewatuliza wengi wenye bipola, mikono yake huenda inatetemeka. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1971, linalotumika sana kuamua nani ana mashoto, lina maswali 10, na kati yake kuandika, kuchora na kushika kijiko ndizo kazi zilizolindwa kwa bakora hapa pwani. Jingine huuliza ni mkono upi unakaa juu kwenye mpini wa ufagio. Ufagio wa chelewa hauna mpini wa kushikwa kwa mikono miwili. Mwenye kuutumia huinama, akaushika kwa mkono mmoja. Swali hilo, likiulizwa uani Tanga, halina jibu.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: desturi iko juu juu, ubongo uko chini, na chombo cha kisasa kinaweza kuuruka mkono na kuutazama ubongo moja kwa moja. Ni kweli kwamba mkono una mzizi wa kuzaliwa. Mimba zilizopigwa picha za mawimbi ya sauti zimeonyesha watoto wengi wakinyonya kidole gumba cha kulia kabla hawajazaliwa, na uchunguzi wa mwaka 2021 uliohusu zaidi ya watu 1,700,000 ulitambua sehemu 41 za vinasaba zinazohusiana na mashoto. Hakuna anayedai kwamba chuo ndicho kilichoumba mkono wa kulia. Lakini desturi haikubaki juu juu. Mwaka 2002 Hartwig Siebner na wenzake walitazama ubongo wa watu waliozaliwa na mashoto wakalazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Miaka mingi baadaye, walipoandika kwa mkono huo wa kulia, sehemu za upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kushoto zilikuwa zingali zinashughulika. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2010, ukaonyesha kwamba kulazimishwa huko kumeacha tofauti hata katika umbile la baadhi ya sehemu za ubongo. Basi picha ya ubongo nayo haikwepi historia. Tofauti ya pande mbili inayoonekana kwa mgonjwa inaweza kuwa alama ya bipola, au alama ya bakora, au zote mbili, na picha peke yake haiwezi kusema ni ipi.

Hili halimaanishi kwamba utafiti uachwe. Maana yake ni kwamba uanze mahali pengine. Anayetaka kuhesabu mashoto kati ya wagonjwa wa Lutindi au wa hospitali ya Bombo mjini Tanga asiulize kuandika na kula, ambako jibu limeshatolewa na mwalimu, bali kazi ambazo hakuna aliyezilinda: kutupa jiwe, kugonga msumari, kuvuta mshipi baharini, kushika panga. Awaulize wazee ni mkono upi mtoto aliutanguliza kabla hajapelekwa chuoni. Kasi ya kufikiri aipime pia kwa sikio na kwa ulimi, sio kwa penseli tu, na aandike mgonjwa alianza na khati ipi na anameza dawa gani. Zaidi ya yote, asimlinganishe mgonjwa wa Tanga na wastani uliotoka Edinburgh au California, ambako walimu walilegeza zamani. Amlinganishe na nduguye aliyekula naye sinia moja, akapita chuo kile kile na shule ile ile. Kati ya hao wawili desturi imegawiwa sawasawa, na tofauti itakayobaki ndiyo daktari ana haki ya kuiuliza kama inatokana na ugonjwa. Historia ya pwani haimpi jibu la swali lake la ubongo, lakini bila historia hiyo hatajua amlinganishe nani na nani, na tarakimu zake zitaendelea kutuambia habari za walimu waliokwisha kufa.